Vifaa vya bafuni kwa wazee: cha kununua, cha kurekebisha na cha kuacha dukani

Toa skrubu iliyomo kwenye pakiti ya chuma cha kushikia bafuni, uilaze juu ya rula. Mara nyingi utakuta ina milimita 40, inchi moja na nusu hivi. Sasa hesabu kilichofunika tofali kwenye ukuta wa bafu la kawaida: marumaru milimita 8, saruji iliyoigandisha milimita 15, lipu milimita 12. Tayari umefika 35. Skrubu imebakiwa na milimita 5 za kung'ata tofali, na kwa hizo 5 tunataka imzuie mama wa kilo 75 anayeteleza akiwa na povu miguuni. Siku ya kufungwa, chuma kitaonekana kimekaza sawasawa. Siku ya kuteleza kitatoka na marumaru zake.

Ndiyo maana hapa hatukuanza na bei wala na mng'ao wa kifaa. Kila kimoja tumekiuliza swali lile lile: mzee akikiegemea kwa uzito wake wote, uzito huo unaishia wapi? Ukishuka mpaka kwenye tofali, zege au sakafu, kifaa kinafaa. Ukiishia kwenye lipu, kwenye mpira uliogandishwa kwa hewa au kwenye mguu wa plastiki unaotanuka, kifaa hicho ni hatari zaidi ya kutokuwa nacho, kwa sababu mzee atakiamini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 60. Wengi wa wanaopona baada ya kuvunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani.

Vyuma vya kushikia

Tuanze na vile vyenye vikombe viwili vya mpira, ambavyo unabana ukutani bila drili. Vinapendwa na wapangaji, na sababu yao inaeleweka: hakuna kugombana na mwenye nyumba kwa ajili ya matundu. Lakini kinachovishika ni hewa iliyokamuliwa chini ya kikombe. Mstari wa grauti, ile saruji laini inayoziba kati ya marumaru na marumaru, ukipita chini ya mpira, hewa inarudi. Marumaru ikiwa na mikwaruzo au mafuta ya nazi, inarudi. Maji ya chumvi yakiacha ukoko mweupe ukutani, inarudi pia, na hurudi polepole usiku kucha, kiasi kwamba asubuhi kikombe bado kipo mahali pake lakini hakishiki kitu. Vingine vina alama ya kijani inayogeuka nyekundu vikilegea. Bibi mwenye mtoto wa jicho, saa kumi za alfajiri, haioni alama hiyo. Viacheni dukani. Mpangaji aombe ruhusa ya kutoboa matundu sita na aahidi kuyaziba akihama.

Chuma cha kufunga kwa skrubu ndicho cha kununua, ila kuna mambo ya kukagua kabla ya kulipa. Unene wake kwa nje uwe kati ya milimita 32 na 38, ili kidole gumba na cha kati vikaribie kukutana. Kikiwa chembamba kama cha taulo, kiganja hakipati cha kukamata. Nafasi kati ya chuma na ukuta iwe milimita 38. Ikizidi sana, mkono unaweza kupenya mpaka kiwiko mtu anapoanguka, na hapo utavunjika. Viwango vya Marekani vya majengo ya watu wenye ulemavu vinataka chuma na vifungio vyake vihimili pauni 250, yaani kilo 113 hivi, nasi tunaona usishuke chini ya hapo. Chagua chenye uso wa kukwaruza kidogo kiganjani. Kinachong'aa kama kioo huteleza kikikutana na sabuni.

Muuzaji atakwambia chote ni stenlesi. Nenda na sumaku. Ikinata kwa nguvu, ujue si stenlesi ya daraja linalofaa bafuni, au ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Lakini sumaku kutonata hakutoshi, kwa sababu daraja la 201, ambalo hupata kutu upesi zaidi, nalo halinati. Tafuta kilichogongwa namba 304. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, hata 304 hupata madoa ya kahawia kwa chumvi ya hewani, kwa hiyo kifutwe kwa maji baridi na kitambaa kila wiki. Kutu mbaya huanzia chini ya kile kifuniko cha duara kinachoficha skrubu, kwani maji hukaa humo. Kifungue kila baada ya miezi michache uangalie.

Kuna mbadala ambao kwa maoni yetu unashinda vingi vya dukani: bomba la maji la chuma la mabati, lile la inchi 1. Inchi hiyo ni jina tu la kibiashara. Kwa nje bomba hilo lina milimita 33 na ushei, yaani unene hasa ambao kiganja kinautaka. Fundi wa kuchomelea analikunja ncha zote mbili na kulitia mabamba ya mraba ya milimita 80 kwa 80, kila bamba likiwa na matundu manne. Sharti moja: moto wa kuchomelea huunguza zinki, hivyo kila kiungo kisuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Rangi iwe tofauti na ukuta. Chuma cheupe kwenye marumaru nyeupe hakionekani na macho ya miaka 80.

Bafu likiwa la nje, la mabati au la udongo, usihangaike na ukuta kabisa. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 60, simamisha bomba hilo hilo, mimina zege la saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na bomba libaki juu ya ardhi kwa sentimita 90 hivi. Zege lisiguswe kwa siku saba, na limwagiwe maji asubuhi na jioni.

Kazi ya fundi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo mtu wa nyumbani asimame karibu. Kwanza, gonga marumaru kwa sarafu. Inayolia kama kibuyu kitupu haina saruji nyuma yake na itapasuka, sogea pembeni. Pili, uliza nyaya zinapita wapi. Waya wa bomba la mvua la umeme kwa kawaida huteremka au kupanda wima ndani ya ukuta, usawa wa kifaa chenyewe, na hapo hapo ndipo watu hupenda kuweka chuma. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kutoboa.

Bandika tepu ya karatasi mahali pa tundu ili biti isiteleze. Toboa marumaru kwa biti yenye kichwa cha mkuki, bila kugongesha, ukidondoshea maji. Ukishavuka marumaru, badili uweke biti ya zege ndipo uwashe drili igongeshe. Fundi mwenye haraka hugongesha tangu mwanzo, na ufa unaotokea huonekana baada ya wiki mbili.

Sasa angalia unga unaotoka. Ukiwa wa kijivu na mgumu, tofali ni zima: tumia fisha (vile vipande vya plastiki vinavyotangulia skrubu tunduni) za milimita 10 na skrubu nene za milimita 80 hadi 100, na fisha isukumwe mpaka izame yote ndani ya tofali, isiishie kwenye lipu. Ukitoka mchanga mtupu na tundu likapanuka lenyewe, tofali lilifyatuliwa kwa saruji kidogo, na hakuna fisha itakayoshika. Vivyo hivyo kwa tofali lenye uwazi katikati, ambapo drili inaingia ghafla kama imetumbukia. Kwa kuta hizi dawa ni kutoboa hadi upande wa pili. Pitisha bolti ya milimita 10, weka bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 upande wa nje, na washa (kile kipete bapa cha chuma) juu yake, kisha nati mbili zikazwe moja juu ya nyingine. Haipendezi kuonekana ukiwa uani, lakini ukuta mzima ndio unaombeba mzee.

Kabla ya kuingiza skrubu, jaza tundu silikoni kidogo ili maji yasiingie ndani ya ukuta. Pembeni mwa bamba, ziba juu na ubavuni tu. Chini pabaki wazi ili maji yakipenya yapate pa kutokea. Subiri saa 24. Kisha mtu mzima mwenye afya, tena mzito kuliko mzee, akivute kwa mwili wake wote, chini na kuelekea mbele, mara kadhaa. Kikicheza hata unywele, kazi irudiwe.

Kuhusu mahali: chuma cha wima mlangoni, kwa ajili ya kuvuka kizingiti, cha mlalo ubavuni mwa choo, kwa kujisukuma juu, kingine penye kuogea. Vya mshazari hatuvipendi, mkono wenye maji huteremka navyo. Vitabu vya viwango hutaja urefu wa sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, nao ni mwanzo mzuri, lakini bibi wa futi tano hawezi kupimwa kwa mzee wa futi sita. Mwambie aketi na kuinuka taratibu mara tatu huku ukitazama mkono wake unatafuta wapi. Weka alama hapo. Na kama kuna bomba la taulo karibu, liondolewe kabisa, maana siku ya hatari ndilo litakaloshikwa kwanza.

Viti vya kuogea

Kiti cha plastiki cha sebuleni au cha sherehe ndicho kilichojaa mabafuni, na hakifai. Miguu yake haina mpira, ikikaa kwenye marumaru yenye maji hutanuka nje kadiri mtu anavyoegemea nyuma, na plastiki iliyokaa juani miaka miwili hupasuka bila taarifa.

Stuli ya kuogea yenye miguu ya alumini ni kifaa kingine kabisa. Miguu imetanuliwa kwa makusudi, kikalio kina matundu ya kupitisha maji, na kila mguu una kitufe cha kurefusha. Nyingi zimeandikwa uwezo wa kilo 100 hadi 136. Soma maandishi chini ya kikalio, si kwenye boksi. Urefu ufaao ni pale kikalio kinapolingana na kunjo la goti, nyayo zikiwa zimetandazwa sakafuni. Kwa aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, stuli haitoshi: nunua yenye mgongo na mikono.

Udhaifu wake uko kwenye vikofia vya mpira vya miguuni. Vua kimoja dukani utazame ndani. Kikiwa na kipande cha duara cha chuma, mguu hautakitoboa upesi. Kisipokuwa nacho, ukingo wa alumini utakata mpira, na siku moja utasikia chuma kikikwaruza marumaru. Vikofia vya magongo ya kutembelea vinauzwa kwenye maduka ya vifaa tiba. Chukua vinne vya akiba vya kipimo hicho hicho. Kasoro ya pili si ya stuli bali ya sakafu: mabafu yetu yana mteremko kuelekea tundu la maji, na stuli iliyosimama mshazari hucheza. Usirefushe mguu mmoja tu, kwani tundu moja la kurekebishia huruka karibu sentimita 2.5, na hiyo ni nyingi mno. Igeuze mpaka miguu miwili iwe upande wa juu na miwili upande wa chini, itatulia.

Stuli inasaidia pia jambo ambalo maelezo ya vifaa hivi hayalitaji, kwa sababu hayakuandikwa kwa ajili ya nyumba zetu: kutia udhu. Mzee kuinua mguu mmoja mpaka kwenye sinki la kunawia, amesimama kwa mguu mwingine juu ya maji, mara tano kwa siku. Huko ndiko wengi hupoteza mizani. Aketi kwenye stuli, bomba la maji lifungwe usawa wa magoti, sentimita 50 hivi kutoka sakafuni, au awekewe ndoo juu ya kigoda na kopo lenye mkono. Mguu unaoshwa ukiwa umenyooshwa, hauinuliwi.

Chooni

Choo cha kukaa cha kawaida kina urefu wa inchi 15 au 16. Kwa magoti yenye yabisi, inchi 17 hadi 19 ni nafuu kubwa. Kikalio cha kuongezea kimo huuzwa cha inchi 2, 4 na 6. Wengi hukimbilia cha 6 wakidhani kirefu ndicho bora, kumbe akina bibi wafupi huachwa miguu ikining'inia, na aliyening'inia hawezi kujisukuma. Cha inchi 4 chenye skrubu za kubana pande zote ndicho tunachokipendekeza. Vile vinavyokaa tu juu ya choo kwa uzito wake huruka upande mmoja mzee akiketi kwa ubavu. Pima pia umbo: choo cha duara na cha yai havitumii kikalio kimoja.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kazi hasa. Kubomoa na kuweka cha kukaa ni jambo jema pale maji na fedha vinapokuwepo. Kabla ya hapo, kiti cha fremu chenye tundu, kile cha hospitali chenye ndoo, kikitolewa ndoo yake kinaweza kusimama juu ya sinki la kuchuchumaa. Mambo mawili huharibu. La kwanza ni upana: miguu ya kiti lazima ikae kwenye sakafu bapa, nje ya kingo za sinki na nje ya vikanyagio vilivyoinuka, hivyo pima sinki lako kabla ya kwenda dukani. La pili ni kurusha maji. Kutoka sentimita 45 juu, kila kitu hutapakaa, mzee anaona aibu, na baada ya siku tatu anarudi kuchuchumaa. Chukua ile ndoo iliyokuja na kiti, kata kitako chake kwa msumeno mdogo, lainisha kingo kwa msasa, irudishe mahali pake. Sasa ni faneli, na kila kitu kinaelekea panapotakiwa.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu hiyo kwa bei ndogo. Mwambie atumie bomba la duara, si la mraba, ili vikofia vya magongo viingie miguuni, na asiweke ubao wa kuunganisha kwa mbele, maana visigino vinahitaji kurudi nyuma mtu anapoinuka. Mpira wa kutawazia uwe upande wa mkono anaoutumia kutawaza, ufikike bila kugeuza kiuno.

Sakafuni

Marumaru zinazong'aa ndizo adui mkubwa humu ndani, na inasikitisha kwamba watoto huwawekea wazazi wao kama zawadi. Ukinunua mpya, tazama kwenye boksi alama ya R, kipimo cha kuzuia utelezi, namba ikiwa kubwa ndivyo inavyoshika zaidi: R9 ni ya sebuleni, bafuni taka R11, au angalau R10 yenye vipande vidogo, kwani mistari mingi ya grauti husaidia nyayo kushika. Tunasema bila kusita kwamba sakafu ya saruji iliyopigwa ufagio kabla haijakauka ni salama kuliko marumaru ya bei mbaya.

Zilizokwishawekwa zina dawa tatu za dukani. Mkeka wa mpira wenye vikombe hushika kwenye uso laini tu, na lazima uinuliwe na kukaushwa kila siku, la sivyo chini yake hujaa utelezi wa kijani na mkeka mzima unageuka kuwa gari. Tepu yenye chenga ni bora: safisha kwa spiriti, acha pakauke siku nzima, bandika vipande vya sentimita 30 vilivyokatwa pembe kwa mviringo, kisha pasiloweshwe kwa saa 24. Pembe kali ndizo huanza kubanduka, na tepu iliyobanduka humkwaza mtu. Ya tatu ni tindikali ya kukwaruza uso. Tunaikataa: inakula grauti, na moshi wake unaumiza mapafu. Kitambaa au zulia dogo lisilo na mpira chini, kamwe.

Mafuta ya nazi yapakwe chumbani, si bafuni. Kandambili zilizolika ziende jaani. Maji ya moto yatiwe kwenye ndoo baada ya baridi, si kabla.

Mlango ufunguke kwa nje, kwa kuwa aliyeanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani huuziba kwa mwili wake. Fundi akisema fremu hairuhusu, basi angalau komeo la ndani liondolewe na liwekwe kitasa kinachofunguka kwa sarafu kutoka nje. Mzee atalalamika, na ana haki, faragha ni heshima yake. Mwekee pazia zito nje ya mlango, na watu wa nyumbani wapige hodi kila mara. Taa iwe ya kuchaji, inayobaki imewaka umeme ukikatika, na swichi iwe nje kabla ya kuingia.

Cha mwisho ni kengele ya mlangoni isiyo na waya, ile ya betri. Sanduku la mlio liwekwe chumba anacholala mtu mwenye usingizi mwepesi, na kitufe kibandikwe bafuni sentimita 30 kutoka sakafuni, mahali pasiporushiwa maji. Watu huwa wanakibandika usawa wa kifua, lakini mwenye kukihitaji wakati huo yuko chini.